Makaa Yasiyochimbwa

Fundi wa mgodi ninayemvulia kofia ni yule anayejua cha kuacha. Katika migodi mingi ya makaa ya mawe ya Afrika Kusini, wachimbaji hukata njia zinazokatizana na kuacha nguzo za makaa yenyewe zishike dari. Kila nguzo hubeba mwamba ulio juu yake pamoja na fungu lake la mwamba ulio juu ya njia. Makaa hayo yana bei, nayo huachwa makusudi.

Tabaka nene ndilo lenye vishawishi. Njia zimeshakatwa, nguzo zimesimama, na juu kichwani mna mita mbili za makaa mazuri. Nani asiyatamani? Kwenye mgodi wa Coalbrook, katika jimbo la Free State, waliyaangusha, nguzo zikarefuka bila kunenepa. Tarehe 21 Januari 1960 zikaanza kuvunjika. Kila iliyoshindwa iliwaachia jirani zake mzigo, nao wakashindwa, hadi eneo zima likaporomoka. Wachimbaji 435 walikufa. Miili yao haikupata kutolewa.

Kilichofuata ndicho ninachokisifu. Ili kujua nguvu ya nguzo, Miklos Salamon, mzaliwa wa Hungaria, na mwenzake Munro hawakuitegemea maabara, maana kipande cha makaa kinachoshikika mkononi hakina nyufa za nguzo nzima. Walikwenda kwenye rekodi za migodi, wakachambua sehemu 98 zilizosimama na 27 zilizoanguka. Mwaka 1967 wakatoa kanuni yao: upana huiongezea nguzo nguvu, kimo huipunguzia, na kimo hukata kwa kasi kuliko upana unavyoongeza.

Chukua nguzo ya mita 12 kwa 12, njia za mita 6, kina cha mita 100. Ikiwa na kimo cha mita 3, kwa kanuni hiyo nguvu yake ni karibu mara mbili ya mzigo. Kwangua dari hadi mita 6, ubavu usiuguse: nguvu inabaki mara 1.2 hivi. Wahandisi wa Afrika Kusini wamezoea kudai 1.6.

Hesabu yenyewe inaenea kwenye mstari mmoja, na ndiyo raha yake. Lakini ilizaliwa na makaa ya Afrika Kusini. Anayetaka kuipeleka Kiwira, Tanzania, au kwingineko, ayapime kwanza makaa ya hapo; dari likishuka, asimlaumu Salamon.