Fisi wa The Lion King na fisi wa kweli

Katuni ya The Lion King ilitoka 1994, na mpaka leo tukipata kompyuta na umeme, vijana wa kikundi chetu wanaomba hiyo hiyo. Nyimbo nzuri, michoro mizuri, sipingi. Ugomvi wangu ni fisi.

Kwanza jina. Mmoja anaitwa Shenzi. Sisi wenye Kiswahili hatuhitaji mkalimani hapo, wengine tumeitwa hivyo usoni. Wamewekwa nje ya mpaka, kwenye makaburi ya tembo, jua halifiki. Halafu Scar anawafungulia mlango, na ona: mvua inapotea, nyama inaisha, nchi inakauka. Eti walioingia ndio wamemaliza kila kitu. Ndugu msomaji wa kambini, maneno hayo umeshayasikia, na si kwenye katuni.

Sasa twende Ngorongoro. Miaka ya 1960 Hans Kruuk aliwafuata fisi kule usiku, akakuta chakula chao kingi wanakiwinda wenyewe. Asubuhi mtu anakuta simba juu ya mzoga, fisi wako pembeni wanasubiri, anasema fisi mwizi. Kumbe mara nyingi mwenye mali ni huyo anayesubiri, simba kampora tu. Na kile "kicheko" chake? Fisi hukitoa sana akifukuzwa au aking'atwa kwenye nyama. Katuni imekifanya ujinga wa Ed.

Tumbusi nao wamepewa sekunde chache, wanamzunguka Simba jangwani mpaka Timon na Pumbaa wanawatimua. Hasara hiyo, maana utamu wote uko mzogani. Tumbusi wa mgongo mweupe ana shingo ndefu, lakini ngozi ngumu ya nyati inamshinda. Anamhitaji yule mkubwa mwenye mikunjo usoni, mdomo wake unapasua. Akishafungua, wenzake wanaingiza shingo, huku wanapigana mabawa. Angani wanachungana: mmoja akishuka, wa mbali anamwona, anakuja. Fisi naye yuko chini anatazama juu, anakimbilia huko huko, na mifupa anaivunja yeye. Hakuna anayempenda mwenzake pale, ila wote wanakula.

Kitu kimoja wamepatia: Shenzi ni jike na ndiye anaongoza. Kwa fisi madoa ndivyo ilivyo.

Mwishoni Scar akibanwa anasema kosa ni la fisi. Wanamsikia, wanammaliza. Hapo vijana wetu wanashangilia kuliko popote. Halafu mvua inanyesha, Simba anapanda mwamba, nchi inarudi kijani, na fisi hatuwaoni tena. Katuni haisemi wamekwenda wapi.