Programu za Kusomesha na Kiswahili Kilichomo Ndani Yake

Ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki mwaka 1930, moja katika kazi zake ilikuwa kuvipitia vitabu vya shule na kuvipa idhini vile ambavyo Kiswahili chake kiliridhisha. Hukumu zake zaweza kulaumiwa, maana wenyeji wa lugha walichelewa kupewa viti katika baraza lake. Illa kanuni iliyoifuata ilikuwa njema, kwamba kitabu cha mtoto kisomwe kwanza na mtu mzima. Leo watoto wengi wajifunza kusoma kwa simu na vishikwambi, na mara nyingi mafunzo yaliyomo huwafikia pasipo kupita mbele ya mtaalamu wa lugha. Makala haya yadai jambo moja: programu ya kusomesha ni kitabu, na yafaa ihakikiwe kama kitabu.

Mfano mkubwa tulio nao watoka Tanga. Kwa muda wa miezi 15, kuanzia mwishoni mwa mwaka 2017, watoto wapatao 3,000 katika vijiji karibu 170 vya mkoa ule walipewa vishikwambi vyenye mafunzo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Jaribio hilo lilikuwa sehemu ya shindano la shirika la XPRIZE la Marekani, likisaidiwa na UNESCO, Shirika la Chakula Duniani na serikali ya Tanzania. Programu tano zilishindana, na mwezi Mei 2019 Kitkit School na onebillion ziligawana tuzo ya dola milioni 10. Waliotangaza matokeo walisema kwamba mwanzoni zaidi ya watoto 90 kwa mia hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na kwamba mwishoni hesabu hiyo ilipungua kwa nusu. Wengi wao hawakuwahi kuingia shule. Hiyo ni kheri kubwa, na mwenye kuidharau hana budi kutuonyesha yeye amewafanyia nini watoto wale.

Lakini kazi ya mhakiki haiishi katika kuuliza kama mtoto amesoma. Hana budi aulize amesomeshwa nini. Nitataja mambo matatu.

Kwanza, silabi. Hivi karibuni niliketi na mtoto wa ndugu yangu, aliye darasa la pili, akitumia programu moja ya namna hii, ambayo si katika zile tano. Aliambiwa apige makofi kwa kila silabi ya neno mbu. Akapiga mara mbili, m-bu; chombo kikamwambia amekosa, silabi ni moja. Mtoto ndiye aliyekuwa na haki. Katika mbuzi na mbegu, mb huungana na irabu iifuatayo. Katika mbu, kama katika nta na nchi, ile konsonanti ya puani husimama peke yake na kubeba mkazo. Yule mtoto akarudia, akapiga kofi moja. Mwalimu akikosea ubaoni, pengine mwanafunzi mmoja huinua mkono. Mbele ya chombo hakuna wa kuinuliwa mkono.

Pili, neno. Mitihani mingi ya kusoma hupima idadi ya maneno ayasomayo mtoto kwa dakika moja. Kipimo hicho kimekulia katika Kiingereza, ambacho maneno yake mengi ya kila siku ni mafupi. Hatutawasomea ni neno moja kwetu, na ndani yake mna kanusho, watenda, wakati, tendo na watendewa. Mtoto alisomaye polepole si mzito; anabeba sentensi nzima. Tena, mafunzo yaishiayo katika picha moja na jina moja humpa mtoto kisu na visu, wala hayamfikishi kwenye kisu kikali kimepotea na visu vikali vimepotea. Kiswahili hukaa katika mapatano hayo. Mtoto wa nyumba isemayo Kisambaa au Kizigua ana mapatano ya namna hiyo katika lugha ya mamaye. Ni daraja lililokwisha jengwa, na mtungaji ajuaye hilo angelivuka.

Tatu, matamshi. Katika zile tano, RoboTutor ya Pittsburgh ilijaribu kumsikiliza mtoto asomapo kwa sauti. Wazo hilo ni zuri, na lina hatari yake. Msemaji wa bara aonapo thamani aweza kutamka samani. Mwalimu hutambua kama amekosea kusoma au asema kama wasemavyo kwao. Mashine isiyofundishwa tofauti hiyo humhukumu mtoto kwa lafudhi yake.

Mambo haya sasa yamefika darasani. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika viligawiwa walimu wa Tanzania. Chombo kipo mezani. Lililobaki ni kujua chasema Kiswahili gani. Programu za Tanga nazo ziliachwa wazi, mtu azifungue na kuzirekebisha bila ya malipo. Basi hatuna udhuru. Naomba jarida hili litenge nafasi ya kuihakiki programu moja moja, likitaja silabi zilizokatwa vibaya, istilahi zilizotungwa bila ya haja na sentensi zisizosemwa na mtu, kama tufanyavyo kwa riwaya na kamusi. Mtoto aliyeambiwa na chombo kwamba sikio lake limekosa, astahili mtu mzima wa kumwambia kwamba halikukosa.