Kasi Ipi? Maoni Kuhusu Istilahi za Hifadhi ya Kompyuta

Si jambo geni kwa wasomaji wa jarida hili kwamba istilahi mbovu huleta hasara. Aghalabu hasara hiyo hupimwa kwa muda wa mwanafunzi unaopotea au kwa aibu inayompata mtafsiri. Safari hii tunaleta mfano ambao hasara yake ilipimwa kwa magunia ya mpunga.

Huko Kivukoni, panapovukwa Mto Kilombero katika njia ya Ifakara na Mahenge, tulimkuta kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo aliyekuwa likizoni, akijiundia kompyuta ya kuchezea michezo. Fedha alipewa na mama yake baada ya mpunga kuuzwa, na sehemu za kompyuta alizinunua mojamoja. Mojawapo ilikuwa kifaa cha kuhifadhia, kilichofuatana na karatasi ya maelezo: “Kumbukumbu ya hali mango, M.2, GB 512, kasi kubwa.” Kifaa kilikaa barabara katika nafasi yake juu ya ubao mkuu, ambao mafundi huuita madabodi, lakini kompyuta haikukitambua. Nafasi ile ilipokea vifaa vya NVMe tu, naye alikuwa amenunua cha SATA. “Kaka,” alituambia, “karatasi niliisoma yote. Haikusema.” Nasi tuliisoma. Kweli haikusema, na ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili kisicho na kosa hata moja la sarufi.

Hebu tuyapime maneno yake moja baada ya jingine.

Kwanza, “kumbukumbu”. Neno hili limekwisha kuzoeleka kwa ile sehemu ambamo kompyuta huweka yale inayoyafanyia kazi kwa wakati huo, na ambayo hufutika umeme unapokatika. Kifaa cha kijana wetu ni kitu kingine: kilichowekwa humo hubaki hata kompyuta ikizimwa. Mkulima wa Kilombero hahitaji kufundishwa tofauti hii. Mpunga ulioanikwa juu ya turubai umo kazini, nao jioni hukusanywa. Mpunga uliomo ghalani umehifadhiwa. Mnunuzi anayeambiwa kwamba kompyuta ina “kumbukumbu ya GB 512” hajui kama ameoneshwa turubai au ghala. Neno “hifadhi” lipo, ni letu, na lingemaliza utata.

Pili, “hali mango”. Hapa mtafsiri amefasiri maneno akaiacha maana. Istilahi ya asili ilizaliwa wakati transista, iliyobuniwa mwaka 1947, ilipoanza kushika nafasi ya valvu za kioo zilizoondolewa hewa. Ilikusudiwa kueleza kwamba umeme sasa unapita ndani ya kitu kigumu, si katika utupu. Kwa msomaji wetu, mango ni mojawapo ya hali za maada alizosoma darasani pamoja na kimiminika na gesi. Akisoma “hifadhi ya hali mango” atauliza kwa haki: je, ile ya zamani ilikuwa ya maji? Diski ya zamani nayo ni chuma na kioo, vitu vigumu kabisa. Wazee wetu walipoletewa redio mpya hawakuziita redio za hali mango. Waliziita redio za transista, kwa kile kilichomo ndani, na neno likaenea. Njia hiyo ingalipo. Kifaa hiki kimejengwa kwa chipu, hakina kinachozunguka. Kiitwe “hifadhi ya chipu”, na neno “diski” libaki kwa ile yenye sahani zinazozunguka.

Tatu, “M.2”. Hili si la kutafsiriwa, ila ni la kufafanuliwa. M.2 ni jina la umbo na namna ya kuunganisha: aghalabu kipande chembamba chenye upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. Halisemi kitu juu ya njia ambayo data hupita. Ndani ya umbo hilohilo kifaa kimoja hutumia SATA na kingine hutumia NVMe. Karatasi iliyotaja umbo ikaacha njia ni sawa na barua ya ofisi iliyotaja rangi ya bahasha ikasahau anwani.

Nne, na hapa ndipo penye kiini cha makala haya, “kasi”. Kwa neno hili moja watafsiri wetu hutaja mambo mawili: muda wa kungoja kabla data haijaanza kuja, na wingi wa data inayopita kwa sekunde ikishaanza. Mtu wa Kivukoni anayajua yote mawili. Zamani za pantoni, chombo kiliweza kupakia magari na watu wengi kwa mara moja, lakini kikiwa ng'ambo ulikaa ukingoni ukakingoja. Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipofunguliwa mwaka 2018, kilichoondoka kwanza ni kule kungoja.

Diski ndiyo pantoni. Ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua takriban milisekunde 8.3, na kichwa cha kusomea hakina budi kungoja sehemu inayotakiwa ifike chini yake. Hifadhi ya chipu ndiyo daraja: kungoja huko hushuka hadi sehemu ya kumi ya milisekunde au chini yake. Baada ya hapo ndipo huja swali la upana. SATA hupitisha hadi MB 550 hivi kwa sekunde. NVMe ya kizazi cha tatu cha PCIe hufikia MB 3,500 hivi, na ya kizazi cha nne MB 7,000 hivi.

Kwa mchezaji, tofauti hii ya maana ni tofauti ya fedha. Anayetoka kwenye diski kwenda hifadhi ya chipu, iwe ya SATA au NVMe, huona mchezo ukifunguka upesi mno, kwa kuwa mchezo husoma vipande vingi vidogovidogo na kila kipande kilikuwa na kungoja kwake. Anayetoka SATA kwenda NVMe katika michezo mingi huokoa sekunde chache tu, wala picha haziongezeki kwenye skrini. Kwa hiyo mwenye fedha kidogo na aangalie kwanza nafasi iliyopo kwenye ubao wake inapokea njia gani, kisha ukubwa wa hifadhi, na namba kubwa za upitishaji aziache mwisho. Ushauri huu hauwezi kutolewa kwa Kiswahili ikiwa kila kitu kinaitwa “kasi”.

Tunapendekeza basi: “hifadhi” isichanganywe na “kumbukumbu”, “hifadhi ya chipu” itumike badala ya “hali mango”, “muda wa kungoja” na “upitishaji” vitenganishwe, na SATA, NVMe na M.2 yabaki kama yalivyo, kila moja likitanguliwa na neno “njia” au “umbo”. Tunajua kwamba mafundi wengi husema “esesidi”, wala hatuoni haja ya kupigana nao. Mvutano wa tarakilishi, ngamizi na kompyuta umetufundisha kwamba msemaji huchagua lililo jepesi kinywani. Lakini karatasi ya maelezo hufanya kazi ambayo jina la mtaani haliifanyi: humsaidia kuchagua mtu asiye na fundi karibu.

Kijana wetu alikuwa anangoja mavuno mengine ili anunue tena. Wasomaji wenye mapendekezo bora kuliko haya watuletee, kabla karatasi nyingine haijachapwa.