Nchi, Kitabu na Ulimi wa Mwenyeji: Uhakiki wa Vitabu vya Ibada Kuhusu Nchi za Biblia

Utangulizi

Katika fasihi ya ibada ya Kikristo limo kundi moja la vitabu ambalo wanalugha hawajalitazama sana, nalo ni la vitabu vinavyomtembeza msomaji katika nchi zilizotajwa na Biblia. Mwandishi humchukua msomaji kijiji hata kijiji. Hapa husimama penye kisima akafasiri kisa, pale husimama kando ya shamba la ngano akafasiri mfano. Dai linaloviunganisha vitabu hivi ni kwamba nchi hufasiri Kitabu. Ernest Renan alilitia dai hilo nguvu mwaka 1863, katika Vie de Jésus, alipoifananisha Palestina na injili ya tano. Yeye mwenyewe hakuwa mwandishi wa ibada, na kitabu chake kiliwaudhi waumini wengi. Hata hivyo usemi wake umepokewa na waandishi wa ibada na viongozi wa mahujaji hadi leo.

Makala haya yanauliza swali moja: ikiwa nchi hufasiri, inasema kwa ulimi wa nani? Itaonyeshwa kwamba elimu ya vitabu hivi imejengwa juu ya usemi wa wenyeji, ilhali vingi kati yavyo vimewaacha wenyeji hao mabubu. Kwa hiyo thamani ya kitabu cha namna hii yafaa ipimwe kwa nafasi ambayo mwenyeji amepewa ya kusema.

Nchi kama ufafanuzi

Kielelezo kilichofuatwa na wengi ni The Land and the Book, yaani Nchi na Kitabu, cha William Thomson, mmisionari wa Kimarekani aliyefika Beirut mwaka 1833 na kukitoa kitabu chake mwaka 1859. Fani yake ni ya mazungumzo: wasafiri wawili wanakwenda pamoja, mmoja akiuliza na mwenziwe akijibu. Fani hii ina faida. Aya za Biblia hazipangwi kwa utaratibu wa mahubiri, bali huja kama zinavyoletwa na njia, na jibu hutoka kwa mtu aliyeishi Shamu zaidi ya miaka 20, anayejua majira ya mvua, ya kulima na ya kuvuna.

Lakini hayo ni mazungumzo ya wageni wawili. Mkulima anayeonekana shambani na mwanamke atekaye maji hawaulizwi neno. Wao ni mfano unaoonyeshwa kwa kidole. Hufanywa mashahidi wa zama za Ibrahimu, nao hawapewi zama zao wenyewe. Kumbe zama hizo zilikuwapo. Sheria mpya ya ardhi ya dola ya Waosmani ilitolewa mwaka 1858, mwaka mmoja tu kabla ya kitabu hicho kutoka. Nchi iliyosomwa kama isiyobadilika ilikuwa imo katika mabadiliko ya umilikaji ambayo yangemgusa kila mkulima aliyepitwa na wasafiri wale.

Kasoro hiyo haikwisha na karne ya 19. H. V. Morton, mwandishi wa magazeti wa Kiingereza, alitoa In the Steps of the Master mwaka 1934, wakati Palestina ikitawaliwa na Uingereza. Nathari yake ni nyepesi na jicho lake ni kali; mwanga wa asubuhi na vumbi la njia humfikia msomaji barabara. Hata hivyo uzuri huo huelekea kuwafanya wenyeji wawe sehemu ya mandhari. Miaka miwili baadaye, mwaka 1936, uasi wa Waarabu ulizuka, na msomaji aliyemtegemea Morton peke yake hakuwa ameandaliwa kuwaona watu wale kama watu wenye madai.

Ulimi wa mkulima

Ubaya wa kunyamazishwa huku huonekana zaidi ikichunguzwa namna elimu ya nchi hizo ilivyopatikana. Edward Robinson, mtaalamu wa Biblia kutoka Marekani, alisafiri Sinai na Palestina mwaka 1838 pamoja na Eli Smith, mmisionari wa Beirut aliyekijua Kiarabu vizuri. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1841 kwa jina la Biblical Researches in Palestine. Hicho si kitabu cha ibada hasa, ila vitabu vya ibada vilivyofuata vimekula katika chungu chake.

Robinson aliyatilia shaka mapokeo ya watawa juu ya mahali patakatifu, akayategemea zaidi majina yaliyotamkwa na wakulima. Anata ya wanakijiji ililinganishwa na Anathothi, kwao Yeremia. Mukhmas na Mikmashi. Seilun na Shilo. Beitin na Betheli. El-Jib na Gibeoni. Mwanaisimu ataona kwamba hapa pana mabadiliko ya sauti yanayoweza kuelezwa: katika Beitin sauti l ya mwisho imekuwa n, na katika el-Jib mwisho wa jina la kale umeanguka. Gibeoni lilipata ushahidi wa ardhini baadaye. Kuanzia mwaka 1956 James Pritchard alichimba huko el-Jib, ikapatikana mishikio ya mitungi iliyochorwa jina la mji huo kwa herufi za Kiebrania cha kale.

Majina hayo yalipita katika Kiebrania, Kiaramu na Kiarabu, yakavuka tawala za Warumi, Wabizanti, Waarabu, Wamamluki na Waosmani. Waliofanya kazi ya kuyahifadhi walikuwa watu wa shamba, ambao wengi wao hawakujua kusoma. Basi mtu yuleyule ambaye kitabu cha ibada humwonyesha kwa kidole ndiye aliyekuwa kamusi ya mwandishi. Smith alilifahamu jambo hili kwa njia ya pekee, kwa kuwa baadaye aliianza tafsiri ya Biblia ya Kiarabu, iliyokamilishwa na Cornelius Van Dyck mwaka 1865 kwa msaada wa wanachuoni wenyeji, akiwamo Butrus al-Bustani.

Mwenyeji ashikapo kalamu

Kitabu kinachostahili kulinganishwa na cha Thomson ni The Syrian Christ, cha mwaka 1916, kilichoandikwa na Abraham Mitrie Rihbany. Huyu alizaliwa mwaka 1869 huko Shweir, katika milima ya Lebanoni, akahamia Marekani, akawa mchungaji mjini Boston. Biblia kwake ilikuwa kama barua itokayo nyumbani. Kwa sababu hiyo hafafanui mawe na magofu kwanza, bali usemi: maamkizi, viapo, laana, mifano, na agano la mkate na chumvi. Hoja yake kuu ni kwamba watu wa kwao hupenda kulikuza jambo na kulichora kwa picha, na kwamba msomaji wa Magharibi apimaye usemi huo kwa mizani ya mkataba wa biashara hukosa maana yake. Hii ni hoja ya pragmatiki kabla ya neno hilo kuzoeleka.

Hata hivyo Rihbany naye hakuepukana na mtego. Ili aeleweke na wasomaji wake wa Marekani, aliwafanya watu wa Shamu kuwa namna moja isiyobadilika tangu zama za mitume. Kitabu kilipotoka, Mlima Lebanoni ulikuwa katika njaa kuu ya miaka 1915 hadi 1918. Picha ya nyumbani kusikozeeka haikuwa na mahali pa kuitia njaa hiyo. Pamoja na hayo, hatua aliyoipiga ni kubwa: mwenyeji ameacha kuwa mfano, amekuwa mfasiri.

Msomaji wa Kiswahili

Vitabu vingi vya namna hii viliandikwa kwa ajili ya msomaji wa London au Boston, na maelezo yao hupima umbali kutoka huko. Umbali wa msomaji wa Kiswahili ni mwingine. Yesu alipowakataza wanafunzi wasiamkiane na mtu njiani, mfafanuzi wa Kizungu hulazimika kueleza kwa kirefu kwamba maamkizi ya Mashariki huchukua muda. Msomaji wa Mombasa au wa Kisumu hahitaji maelezo hayo. Yeye huamkia hivyo kila siku.

Kwa upande mwingine kuna mambo ambayo lugha huyaficha kwa sababu neno lake ni la kawaida mno. Kisa cha mgonjwa wa kupooza aliyeteremshwa kupitia darini chafaa kuwa mfano. Paa la Palestina lilikuwa tambarare, la miti, matawi na udongo ulioshindiliwa. Ndiyo maana Marko asema lilichimbwa. Luka, akiwaandikia watu wa miji ya Kiyunani, ataja vigae. Yaani kazi ya kuitafsiri nchi ilianza ndani ya Agano Jipya lenyewe. Mtu wa Lamu, aliyezoea nyumba ya mawe yenye boriti na sakafu juu yake, yu karibu na Marko. Mtu wa nyumba ya makuti au ya nyasi hufikiria paa jingine kabisa. Vivyo hivyo neno kupepeta humletea msomaji wetu ungo mikononi mwa mwanamke, ilhali mpepetaji wa Palestina alirusha ngano hewani kwa uma wa mbao, upepo ukachukua makapi. Picha ya hukumu katika mahubiri ya Yohana Mbatizaji ina nguvu ya uma ule na upepo ule. Hapa kitabu cha nchi za Biblia kina kazi ya kweli ya kufanya.

Hitimisho

Yaonekana basi kwamba kutafsiri kwa Kiswahili vitabu vya Thomson na Morton kama vilivyo ni kumpa msomaji majibu ya maswali ambayo hakuyauliza, na kumnyima yale ayahitajiyo. Mwandishi wa Kiswahili atakayeishika kazi hii hana budi kuanza na Biblia ya Kiswahili yenyewe, neno kwa neno, aulize kila neno limemjengea msomaji picha gani, kisha aende kwa wenyeji wa nchi ile kutafuta jina la kitu na matumizi yake. Tena awataje wenyeji hao kama watu wa leo, wenye mashamba, kesi na misiba ya leo. Ibada haitapungukiwa na kitu kwa ukweli huo, kwa maana mifano ya Injili nayo ilisemwa kwa watu waliokuwa wakilipa kodi na kudaiwa madeni ya zama zao.