Sekunde Mbili za Mdakaji

Video nzuri ya besiboli haina muziki. Hilo nililijua nikiwa nimekalia tofali pembeni ya kiwanja cha vumbi Temeke, namtazama kijana akimrekodi mdogo wake. Dogo ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji na kinyago usoni. Simu ilifungwa kwenye kigingi kwa mpira wa baiskeli.

Mchezaji wa upande wa pili akichomoka kuiba beisi ya pili, yaani kuikimbilia bila mpira kupigwa, mdakaji anatakiwa arushe mpira mita 38.8 hadi hapo. Saa huanza mpira ukigonga glavu yake na husimama ukiingia kwenye glavu ya mwenzake anayelinda beisi hiyo. Ikisoma sekunde mbili, kocha wa chuo Marekani anayeitazama video anaanza kuuliza jina. Ikisoma mbili na nusu, anafungua video nyingine.

Basi kazi ya mrekodi ni kumwachia mtu asiyemjua apime mwenyewe. Glavu zote mbili zionekane kwa pamoja, mwanzo hadi mwisho, bila kukata. Ukikata, kocha atahisi umeficha kitu, na mimi simlaumu.

Mara ya nne mpira ulikwenda kama umevutwa kwa kamba, nikapiga makofi. Kaka mtu akatazama simu, akatikisa kichwa. "Dogo, rudia. Bodaboda imeziba beisi."

Dogo hakununa. Akachuchumaa tena, na hapo ndipo nikaanza kuitazama mikono yake. Mpira haukai kwenye ile glavu. Ukigusa ngozi tu, vidole vya kulia vimeshaingia vinatafuta mshono, miguu imeshageuka, kiwiko kiko juu ya sikio. Ukipepesa macho umekosa yote.

Mchezo huu ulianza kufundishwa Dar mwaka 2012 kwa juhudi za Wajapani, na Shule ya Sekondari Azania, kule Upanga, ina uwanja ulioitwa Koshien, jina la uwanja anaouota kila mwanafunzi mcheza besiboli Japani. Ila makocha wa vyuo vya Marekani hawaji Upanga, seuze Temeke; inabaki video. Mganda Dennis Kasumba, mdakaji naye, alionekana kwa video za simu. Alinyimwa viza ya Marekani, akaendelea kurekodi mazoezi yake, na mwaka 2023, viza ikiwa imepatikana, akavaa jezi ya Frederick Keys, Maryland, katika ligi ya vijana wanaowania kuchaguliwa na klabu kubwa. Watu humsifia matairi aliyofanyia mazoezi. Mimi namsifia kuchuchumaa kulekule, siku baada ya siku, kamera ikiwapo au isiwepo.

Pale Temeke walirudia mara kumi na moja. Ya mwisho kaka aliipima mara tatu: mbili nukta moja. Akaandika chini yake urefu, uzito na mwaka wa kuzaliwa, akaweka simu mfukoni kusubiri bando la usiku.