Kwa nini dhahabu huoshwa

Mwalimu anayelipwa kwa saa hana kabati la maabara, ana kikapu. Changu, kila Jumamosi, hubeba mizani ya kuning'inia ya kupimia samaki, jagi la plastiki, uzi, chubwi la risasi la wavuvi na jiwe jeupe la kwazi. Ninafundisha fizikia ya utangulizi saa mbili kwa wiki katika chuo cha ufundi. Wanafunzi wangu wengi wametoka Kemambo na kata jirani za Nyamongo, wilayani Tarime, ambako mgodi wa North Mara umekuwa ukizalisha tangu 2002, na wachimbaji wadogo nao wanasaga mawe yao na kuyaosha. Hapa nachambua kipindi kimoja tu, cha densiti.

Mwaka wa kwanza nilikiharibu. Niliandika ubaoni kwamba densiti ni tungamo gawanya kwa ujazo, wakanakili, wakakokotoa mifano sita bila kukosea. Nikauliza: mafuta ya kula na maji, kipi kina densiti kubwa? Nusu ya darasa ikasema mafuta, kwa sababu mafuta ni mazito. Lakini mafuta yanaelea juu ya maji, na kila aliyewahi kupika mchuzi ameyaona.

Kosa lilianzia kwenye neno. Kwa Kiswahili gunia ni zito, uji ni mzito, usingizi ni mzito. Gunia lina tungamo kubwa, uji una mnato, haumiminiki upesi, usingizi tuuache. Risasi nayo tunaiita nzito kuliko mbao hata kama kipande cha risasi kingetosha kiganjani na ubao ukahitaji watu wawili kuubeba. Neno moja linafanya kazi tatu, na mtu hasumbuki nalo mpaka afike darasani. Kisha masomo ni kwa Kiingereza, kwa hiyo mwanafunzi anakariri neno geni na kulibandika juu ya "uzito" uleule wa nyumbani. TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, walishatupatia msamiati: kamusi yao sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitoka 1990, na maneno kama tungamo na kani yamo vitabuni. Mimi huyatumia dakika ishirini za mwanzo, halafu ndipo Kiingereza cha mtihani kinaingia.

Sasa naanza na karai. Nauliza: kwa nini dhahabu inaoshwa? Jibu la kwanza ni kwamba maji yanaondoa udongo. Kweli, lakini upepo nao ungeuondoa, mtama tunaupepeta. Maji yanafanya nini zaidi?

Hapo kikapu kinafunguliwa. Jiwe langu lina gramu 265 na chubwi lina gramu 226. Nayapitisha mikononi, kila mtu anakubali jiwe ni zito zaidi. Kabla sijazamisha chochote, kila mmoja anaandika kwenye daftari mizani itasema nini ndani ya maji. Hatua hii siiruki, maana asiyeandika huja kusema alijua tangu mwanzo. Jiwe likiwa limezama likining'inia kwa uzi, mizani inasoma 165. Chubwi linasoma 206. Mshindi wa hewani ameshindwa majini.

Ubishi unaofuata ndio somo lenyewe. Jiwe limepungua? Litoe, linarudi 265. Tungamo halijaenda popote. Maji yamelisukuma juu kwa kadiri ya nafasi liliyoichukua. Jiwe lina ujazo wa sentimita 100 za ujazo, chubwi 20 tu. Mizani, ingawa imeandikwa gramu, inahisi kani ya kuvuta uzi. Wengi huwa hawajawahi kuambiwa hivyo tangu kidato cha kwanza.

Ndipo namba za dhahabu zinaingia. Dhahabu ina gramu 19.3 kwa kila sentimita ya ujazo, kwazi 2.65. Hewani dhahabu ni mara 7.3 ya jiwe la ujazo uleule. Majini toa 1 kila upande: 18.3 kwa 1.65, yaani mara 11. Maji yameongeza tofauti bila kuongeza hata chembe ya dhahabu. Binti mmoja ambaye mama yake ana mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Ticha, kumbe maji yanatusaidia kupima."

Aliyenibana ni kijana wa nyuma. "Kama ni nzito hivyo, mbona unga wake unaelea kwenye karai?" Sikuwa na jibu tayari. Nilimkumbuka Denis Osborne, mhadhiri wa Dar es Salaam, aliyetembelea shule ya Mkwawa, Iringa, akaulizwa na mwanafunzi Erasto Mpemba kwa nini maji ya moto huweza kuganda kabla ya yaliyopoa. Wenzake Mpemba walicheka. Osborne aliahidi kwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Nami nikaomba wiki moja.

Wiki iliyofuata nililaza wembe juu ya maji, ukaelea. Chuma! Tone la sabuni, ukazama. Uso wa maji una mvutano unaoweza kubeba kitu chembamba, na sabuni inaulegeza. Darasa likacheka, maana watu wa mialo wanaotia sabuni ya unga kwenye karai wanalijua hilo bila fizikia.

Unga uliozama nao una shida yake. Kwa chembe ndogo sana, kasi ya kutua hufuata mraba wa kipenyo. Kwa hiyo chembe ya dhahabu hutua sawa na chembe ya kwazi iliyo kubwa mara 3.3, kipeuo cha pili cha 11. Usipochekecha kwanza, mchanga wa namna hiyo na dhahabu huenda pamoja, na sehemu ya mali inaishia kwenye marudio, yaani mabaki ya kuoshea. Hili haliko kwenye silabasi yangu, lakini ndilo waliloniuliza njiani kuelekea kituo cha basi.

Kwenye zebaki, yenye 13.6, kwazi ingeelea na dhahabu ingezama. Hesabu hiyo tuliimaliza ubaoni. Zebaki yenyewe haiingii kikapuni kwangu, hata tone.