Fundo Katikati ya Kamba

Mtazamaji wa Kitale au Bungoma ana shida moja na filamu za ajali mlimani: mlima anaoujua yeye haupandwi kwa kamba. Elgon ni mpana, mteremko wake wa taratibu, na kilele cha Koitobos, mita 4,222, unakifikia kwa miguu. Mwonyeshe mtu akining'inia kwenye barafu, ataona hatari, ila hataelewa ni nini hasa kinachoharibika.

Kevin Macdonald, huyohuyo aliyekuja baadaye kupiga The Last King of Scotland ng'ambo ya Elgon, Uganda, aliitatua shida hiyo katika Touching the Void (2003). Kisa ni cha 1985, mlima Siula Grande, Peru. Mpandaji Joe Simpson amevunjika mguu. Mwenzake Simon Yates anamshusha kwa kamba mbili zilizofungwa pamoja, kama mita 90. Fundo halipiti kwenye kifaa cha kushushia. Likifika hapo, Simpson hana budi kusimama kwa mguu mzima ili kamba ilegee, Yates alivushe, washuke tena. Filamu haina haraka na zoezi hili. Ndiyo maana giza likiingia na Simpson akabaki hewani, hana pa kukanyaga, huhitaji kuelezwa: kamba haitalegea, fundo halitapita, na theluji aliyoikalia Yates inamomonyoka. Kisu kinapotoka, umeshapiga hesabu mwenyewe.

Na tangu mwanzo tunajua wote wawili wamepona, maana ndio wanaosimulia mbele ya kamera. Waigizaji karibu hawasemi. Swali la atakufa au hafi limeondolewa, limebaki la alitokaje. Simpson anapotambaa kurudi kambini, kichwani mwake umenasa wimbo wa Boney M, Brown Girl in the Ring, naye anaudhika kwamba atakufa akiusikia huo. (Sisi tuliouchezea harusini tunacheka, halafu tunaona haya.)

Everest (2015) ya Baltasar Kormákur, kuhusu dhoruba ya Mei 1996, ina pesa nyingi zaidi. Lakini miwani na barakoa za oksijeni zimeficha nyuso. Upepo ukianza, hujui nani ni nani. Inasimama imara pale tu kiongozi wa msafara, Rob Hall, anapoagana na mkewe kwa redio.

Kenya nayo ina kisa chake. Septemba 1970, karibu na Batian, kilele cha Mlima Kenya, Gert Judmaier wa Austria alianguka akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz akashuka kutafuta msaada. Judmaier aliokolewa baada ya siku kadhaa. Mpanda milima Reinhold Messner alikitolea kisa hicho filamu mwaka 2016, Still Alive, na jina lenyewe linatangaza nani amepona kabla hujaketi. Ni uamuzi uleule wa Macdonald, nami naukubali. Ila katika uokoaji huo rubani Jim Hastings alikufa helikopta yake ilipoanguka, na kiti cha msimulizi ni cha manusura peke yao. Kwa Hastings, mwongozaji yeyote atategemea waigizaji, au kumbukumbu za waliokuwa wakimsubiri.